Jangwa ndani ya visiwa vya mvua: mwongozo kamili wa kusoma jiwe, chumvi na udongo kupitia viumbe wadogo

Mvua ikinyesha Makunduchi usiku kucha, asubuhi hukuti dimbwi. Maji yameshapenya kwenye nyufa za mawe, yameteremka mapangoni na visimani, na ikifika saa nane mchana uwanda mzima umekauka kama haikunyesha. Unguja hupata kwa wastani takribani milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, na wanajiografia huita jangwa mahali panapopata chini ya milimita 250. Kwa hesabu hiyo hatuna jangwa hata moja. Lakini kiumbe chenye ukubwa wa punje ya mtama hakiishi kwa wastani wa kisiwa. Kinaishi kwa maji yaliyobaki pale kilipo baada ya jiwe kunywa fungu lake, na kwa madini yaliyomo katika maji hayo.

Neno lenyewe linatusaidia. Watu wa pwani wana jangwa lao ambalo halina uhusiano na ngamia: ule uwanja mtupu wa chumvi nyuma ya mikoko, unaofikiwa na bahari wakati wa bamvua tu. Wengine huuita wangwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Wete au Chwaka anayetaka kuona jinsi jiwe na kemia ya udongo vinavyotengeneza maisha ya viumbe wadogo anaweza kuanza kwao, akatumia habari za majangwa ya mbali, Namib (Namibia), Negev (Israeli) na Atacama (Chile), kama kioo cha kulinganishia.

Mwongozo huu nimewaandikia walimu, wanafunzi wa sekondari, watembeza wageni, na mtu yeyote anayependa kuinama akaangalia chini. Utakwenda sehemu tatu, kila moja mara mbili. Naomba ushike kanuni moja tangu mwanzo: uliza jiwe kwanza, kiumbe baadaye. Nimeona wanafunzi wengi wakianza na kiumbe, wakajaza daftari majina, na mwisho hakuna hata mmoja anayeweza kusema kwa nini konokono wamejaa huku na kule ng'ambo ya barabara hawapo.

Maandalizi

Safari ya kwanza iwe mwishoni mwa kaskazi, Februari au mwanzoni mwa Machi, ardhi ikiwa kavu kabisa. Ya pili iwe masika yakishashika, baada ya mvua kubwa mbili tatu. Ukikosa masika, fanya hivyo hivyo kabla na baada ya vuli kuanza.

Sehemu ya kwanza ni uwanda wa mawe: ukanda wa Makunduchi, Jambiani na Muyuni kwa Unguja, au maweni ya Micheweni kwa Pemba. Ya pili ni jangwa la chumvi nyuma ya mikoko. Ya tatu ni shamba la karafuu kwenye udongo mwekundu mzito, kama yaliyojaa vilima vya Pemba na upande wa magharibi wa Unguja. Chagua ya karibu nawe. Muhimu ni kwamba zote tatu zipate mvua inayokaribiana, ili ukiona tofauti ujue inatoka ardhini na si mawinguni.

Piga hodi. Mwone sheha na mwenye shamba kabla ya kuinua jiwe lolote. Baadhi ya mapango ya uwandani yana mizimu na wenyewe. Usiingie bila ruhusa yao. Jozani na Ghuba ya Chwaka ni Hifadhi ya Taifa tangu 2004, kwa hiyo humo unaangalia tu, hubebi kitu, na katika msitu wa Ngezi, Pemba, vilevile.

Vifaa ni vya nyumbani: ndimu tatu au chupa ndogo ya siki, rosela kavu, vikombe vyeupe, kijiko, kisu butu, nyundo ndogo, kopo la maziwa lililokatwa pande zote mbili, chupa mbili za plastiki, kipande cha chandarua, maji ya mvua lita tano, daftari na penseli. Penseli, si kalamu, kwa sababu wino unavuja ukilowa. Kama huna lenzi ya mkono, weka tone dogo la maji juu ya lenzi ya kamera ya simu kisha uigeuze taratibu. Tone litakuza picha vizuri. Vaa viatu vya soli ngumu. Mawe ya uwandani yamechongoka, na kandambili hazifai kabisa.

Hatua ya 1: Litambue jiwe

Chagua jiwe, likwangue kidogo kwa kisu upate sehemu safi, kisha likamulie ndimu. Likitoa povu, umekutana na kalsiamu kaboneti. Asidi ya ndimu inalivunja jiwe na hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake inatoka kama vipovu. Sikiliza pia: ukisogeza sikio, unasikia mchemko mdogo.

Rudia kwa ganda la yai, kwa gamba la konokono, kwa mchanga mweupe wa pwani, kwa lipu ya ukuta wa kale. Vyote vitatoa povu, maana vyote ni kitu kimoja katika maumbo tofauti. Mwamba wa pwani ya mashariki ni matumbawe yaliyokua baharini katika zama za Plaistosini, yaani kati ya miaka 2,600,000 na 11,700 iliyopita, kisha bahari ikashuka yakabaki juu. Viumbe wadogo ndio waliojenga kisiwa unachosimama juu yake. Halafu chukua kokoto ya shamba la karafuu ulifanyie hivyo hivyo. Mara nyingi litanyamaza.

Maji ya mvua yenyewe ni asidi hafifu, kwa sababu yananyonya hewa ya ukaa yakiwa angani. pH yake, yaani kipimo cha asidi ambapo 7 ni katikati na chini ya hapo ni asidi, huwa karibu 5.6. Tone moja halifanyi kitu. Masika ya miaka elfu kadhaa yanachonga uwanda mzima kuwa masega, vishimo na mapango.

Hatua ya 2: Pima udongo kwa rosela

Chemsha kiganja kimoja cha rosela, chuja, kisha punguza ukali kwa maji ya mvua mpaka rangi iwe nyekundu nyepesi unayoweza kuona kidole upande wa pili. Usiache kupunguza, kwa sababu rosela yenyewe ni kali na ikiwa nzito itaushinda udongo. Mimina kwenye vikombe vitano. Cha kwanza kiache kama kilivyo. Cha pili tia tone la ndimu. Cha tatu tia chembe ya chokaa ya kulia tambuu. Hivyo ndivyo vikombe vyako vya mizani. Cha nne tia kijiko cha udongo wa uwandani, cha tano kijiko cha udongo wa karafuu. Koroga, acha vitulie nusu saa.

Chokaa ya tambuu itageuza maji kuwa ya kijani au manjano. Udongo wa uwandani utaondoa wekundu na kuleta zambarau iliyofifia au rangi ya majivu. Udongo wa karafuu utauacha wekundu karibu ulivyokuwa.

Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili na wanafunzi, vikombe vyote viwili vya udongo viligeuka zambarau, hata cha udongo wa karafuu, tukabaki tunatazamana. Kosa lilikuwa langu. Nilitumia maji ya kisima cha uwandani, na maji hayo yamepita kwenye mwamba na kuja yamebeba chokaa iliyoyeyuka. Ndiyo maana sufuria za huku hujenga utando mweupe ndani na sabuni haitoi povu upesi. Nilikuwa nimeyapima maji badala ya udongo. Tangu siku hiyo sitoki bila dumu la maji ya mvua.

Kipimo hiki ni cha msingi kuliko vyote. Mwaka 2006 watafiti Noah Fierer na Robert Jackson walichapisha matokeo ya kulinganisha bakteria wa udongo kutoka sehemu nyingi za Amerika Kaskazini na Kusini. Wengi wangetarajia msitu wa mvua uongoze kwa wingi wa aina. Ikawa kinyume: udongo wenye pH ya katikati, ukiwemo wa sehemu kame, ulikuwa na aina nyingi zaidi, na udongo wenye asidi wa Amazoni ya Peru ulikuwa na chache. pH ilieleza tofauti ile vizuri kuliko joto au mvua. Kwa hiyo usiudharau udongo wa uwandani kwa sababu ni kiasi cha kujaza kofia tu kwenye shimo la jiwe.

Chokaa ina upande wake mgumu pia. Ikizidi, chuma, zinki na fosforasi hushikwa kwenye udongo na mizizi haiwezi kuvivuta. Angalia majani machanga ya mimea uwandani: mara nyingi utaona manjano katikati ya mishipa iliyobaki kijani. Chuma kimo kwenye udongo, wekundu wake ndio ushahidi, lakini hakinyweki.

Hatua ya 3: Tazama maji yanakwenda wapi

Hii ni fupi. Shindilia kopo lililokatwa kwenye udongo kiasi cha vidole viwili, mimina nusu lita, hesabu dakika mpaka maji yaishe. Fanya kila sehemu mara tatu. Uwandani, ukibahatisha juu ya ufa, maji hupotea kabla hujaanza kuhesabu. Kwenye kinamo, ule udongo wa kunata, utaweza kunywa chai ukingoja. Andika pia kina cha udongo kwa kuchomeka kijiti mpaka kigonge jiwe.

Hatua ya 4: Soma weusi wa jiwe

Hapa naomba ukae sana.

Kila mtu aliyepita Mji Mkongwe ameona kuta zenye michirizi myeusi, na wengi hudhani ni moshi au uchafu. Sehemu kubwa ya weusi ule ni hai. Ni sianobakteria, viumbe wa kale wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, mara nyingi wakichanganyika na kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama mwili mmoja. Kuta za mji zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa hiyo kwa kiumbe huyu ukuta wa Shangani na jiwe la Jambiani ni mtaa mmoja.

Weusi wenyewe una kazi. Sianobakteria wengi wanaoishi juani hutengeneza rangi ya kahawia iitwayo skitonemini, ikakaa kwenye ala inayowazunguka na kuzuia miale mikali ya jua isiwaunguze. Ndani ya ala hiyo mwili ni kijani.

Ili kuona, tafuta jiwe dogo lililolegea, lenye weusi, na kwa ruhusa ya mwenye eneo lipige nyundo livunjike katikati. Angalia ukingo wa pale lilipovunjika. Chini ya uso, kiasi cha unene wa ukucha, mara nyingi utakuta mstari wa kijani uliokolea, kama mtu amepitisha penseli ya rangi ndani ya jiwe. Hao ni wale waliohamia ndani. Mwanga unaowafikia ni kidogo, jua haliwachomi, na unyevu ulioingia kwenye vitundu vya jiwe hukaa muda mrefu kuliko ule wa juu. Katika jangwa la Namib ndugu zao hujificha chini ya kokoto nyeupe za kwazi zinazopitisha mwanga. Ukipindua kokoto, unakuta ukijani upande wa chini. Atacama, ambako miaka hupita bila mvua ya maana, wameingia ndani ya mawe ya chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, na matone hayo madogo ndiyo mvua yao. Kila jangwa linachagua nyumba kwa jiwe lililopo: Namib ni kwazi, Atacama ni chumvi, kwetu ni tumbawe lenye vitundu.

Sasa fanya hivi. Chukua kipande cha jiwe lenye weusi mkavu, kiweke kwenye sahani nyeupe, kipige picha. Nyunyiza maji ya mvua kwa ncha za vidole mpaka kilowe, kifunike na bakuli la kioo, kiweke kivulini. Piga picha baada ya dakika kumi, saa moja, na kesho yake. Weusi utalainika, uvimbe kidogo, na kingo zake zitaanza kuonyesha kijani cha zeituni. Kiumbe aliyekuwa mkavu kama unga wa mkaa ameamka. Nimeliona mara nyingi na bado huniinamisha kimya.

Ukikuta ardhini utando mweusi unaokatika kama karatasi iliyoungua, ambao ukilowa unakuwa utelezi wa kijani mzito, ni ukoo huo huo. Usiukanyage. Nyuzi zake hushikilia chembe za udongo zisichukuliwe na upepo, na katika majangwa makubwa wayo mmoja wa kiatu huacha jeraha la miaka.

Hatua ya 5: Konokono na hesabu ya chokaa

Konokono, au koa kama wengi tunavyomwita, ndiye mwalimu bora wa kemia visiwani. Nyumba yake ni kalsiamu kaboneti, na lazima aipate kwa kula.

Kwanza usalama. Konokono wakubwa wanaweza kubeba minyoo midogo inayodhuru ubongo wa binadamu. Wageuze kwa kijiti au vaa glavu, osha mikono kwa sabuni, na usimruhusu mtoto kumchezea kisha akashika mdomo.

Kipindi cha kaskazi watafute mahali wanapolala: chini ya mizizi ya mbuyu, kwenye nyufa za bigili, ule ua wa mawe wa mashamba ya uwandani, na kwenye mashina upande usiopigwa na jua la mchana. Utamkuta amejibandika, mlango wa gamba umezibwa kwa utando mkavu. Sogeza lenzi. Utando wa konokono mkubwa ni mweupe, mgumu kidogo, una mikunjo kama karatasi iliyolowa ikakauka. Huo mlango kaujenga mwenyewe kwa ute na chokaa ili maji ya mwilini yasitoke. Ukimdondoshea maji ya mvua matone kumi na kungoja, unaweza kuona utando ukilegea upande mmoja, kisha ncha ya mguu, kisha pembe moja, ya kijivu, ikichungulia kabla ya nyingine. Fanya hivyo kwa mmoja tu. Kumwamsha kunamgharimu maji aliyoyaweka akiba.

Subira hiyo ina historia. Mwaka 1846 konokono wa jangwa la Misri alibandikwa kwa gundi kwenye kadi katika jumba la makumbusho la Uingereza, London, akidhaniwa ni gamba tupu. Mwaka 1850 iligundulika yu hai. Walipomtia kwenye maji ya uvuguvugu akatoka. Na katika jangwa la Negev wapo konokono weupe wanaolala juani juu ya ardhi ambayo joto lake hupita sentigredi 60. Weupe wa gamba unarudisha sehemu kubwa ya mwanga, na mwenyewe hurudi kwenye mizunguko ya juu ya gamba, akaacha ule mzunguko mkubwa wa chini umejaa hewa, kama mtu aliyelala ghorofani akauacha ukumbi wazi upoe. Chokaa ya jangwani ndiyo iliyompa mwavuli.

Rudi nyumbani sasa. Usiku wa mvua pita na tochi kwenye kuta zilizopakwa chokaa. Utawakuta konokono wakubwa wamepanda ukutani, na asubuhi wameacha alama za vijisega vidogo: wamekwangua chokaa kwa ulimi wao wenye meno. Watu hulalamika kuwa wanachafua nyumba. Wanatafuta jengo la gamba, na wale wanaotaga wanatafuta ganda la mayai yao, maana mayai yao nayo yana ganda la chokaa.

Halafu fanya hesabu. Piga mraba wa mita tano kwa tano kwa kamba, uwandani na kwenye karafuu. Okota kila gamba tupu na ulipange kwa hali: zima lenye rangi, lililopauka, linalovunjika kwa vidole. Uwandani utapata mengi yaliyopauka lakini magumu. Mengine yamekaa miaka, na udongo wenye chokaa haukuwa na njaa nayo. Kwenye udongo wa karafuu utapata machache, na yaliyopo hulegea haraka. Ukitaka kuona kwa nini, liache gamba moja kwenye siki usiku mmoja. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayofanya mapango yetu yahifadhi mifupa: katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale walipata hadi mifupa ya pundamilia, wa wakati bahari iliposhuka na Unguja ikashikana na bara.

Usiishie kwa konokono. Jongoo naye hutia chokaa kwenye ganda lake. Na ukiteremka pwani, angalia kaa wa kuazima makombe wanaotembea nchi kavu. Baadhi yao wamevaa gamba la konokono wa shambani.

Konokono pia hulijibu jiwe. Huko Negev, utafiti uliochapishwa 1987 uliwafuata konokono wadogo wanaokula kuvumwani waliomo ndani ya mawe ya chokaa. Ili wale, lazima wasage jiwe. Ilihesabiwa kuwa wanageuza kuwa udongo karibu tani moja ya mwamba kwa hekta kila mwaka. Huku kwetu, pindua jiwe lenye weusi na utafute njia nyembamba zilizokwanguliwa juu yake na vinyesi kama uzi mweupe pembeni. Kikamulie ndimu kinyesi hicho. Kikitoa povu, umemwona mnyama akitengeneza ardhi.

Hatua ya 6: Jangwa la chumvi

Nenda wakati wa maji mafu, bahari isipofika huko. Vaa kofia, beba maji ya kunywa, hakuna kivuli.

Kabla ya safari, fanya jaribio hili nyumbani ili uelewe unachokanyaga. Weka lita moja ya maji ya bahari kwenye sinia pana juani na uweke alama yanavyopungua. Yakifika karibu nusu, chokaa kidogo huanza kutua. Yakifika karibu moja ya tano, hutoka jasi, fuwele nyembamba zisizo na ladha kali. Yakibaki karibu moja ya kumi ndipo chumvi yenyewe inapoganda. Katika majangwa mengi duniani maji yanayokauka hupanga madini kwa utaratibu huo, na viumbe hujipanga nyuma yake. Tambarare za jasi za Namib, kwa mfano, zina mashamba makubwa ya kuvumwani yanayoishi kwa ukungu wa bahari.

Kwa nini chumvi ni ngumu kwa kiumbe mdogo? Kumbuka achari. Ukikata embe ukalitia chumvi, asubuhi bakuli limejaa maji na embe limenywea. Chumvi imelivuta maji yake. Bakteria wa jangwa la chumvi wako katika hali ya embe lile kila siku, na wanaoishi ni wale wanaojaza mwili wao kitu cha kushindana na mvuto wa nje. Baadhi hujaza aina za sukari. Mwani mmoja mdogo, Dunaliella, hujaza gliserini. Ukipita kwenye mashamba ya chumvi ya Pemba na kuona maji mazito yenye rangi ya waridi, rangi hiyo huwa ni ya mwani huyo na vijidudu wapenda chumvi.

Sasa tafuta sehemu ya wangwa ambapo ardhi inaonekana kama ngozi iliyopasuka, kingo zimejikunja juu. Kata kipande cha ukubwa wa kiberiti kwa kisu butu na ukilaze ubavu. Utaona tabaka. Juu ni kahawia ya dhahabu, rangi ile ile ya kujikinga na jua. Chini yake kijani. Mara nyingi chini ya kijani kuna zambarau, bakteria wengine wanaotumia mwanga uliowapita wa juu na gesi ya salfa inayopanda kutoka chini. Na chini kabisa weusi, wenye harufu ya yai viza. Unene wote huo hauzidi kidole, na ndani yake mna msitu mzima: wa juani, wa kivulini na wa gizani. Kirudishe kipande mahali pake, ukikandamize.

Pembeni mwa tabaka hizo utaona vitundu vya kaa wadogo, wale wenye gando moja kubwa, na vidonge vya mchanga walivyovisafisha kwa kula. Pima umbali kutoka kitundu cha mwisho hadi palipo tupu kabisa. Mpaka huo ni mpaka wa chumvi, na bamvua ijayo utasogea.

Hatua ya 7: Faneli ya chupa

Kata chupa, geuza sehemu ya shingo chini iwe faneli, ziba shingo kwa chandarua, ijaze majani makavu na udongo wa juu. Chini weka kikombe chenye karatasi iliyolowa. Juu weka taa yenye joto, au iache juani kwa muda mfupi. Vidudu vinavyokimbia ukavu vitashuka na kuanguka. Hesabu makundi mawili tu kwa kuanzia: utitiri, wenye miguu minane, na vile vidogo virefu vinavyoruka ukivigusa. Virukavyo ngozi yake ni nyembamba na vinataka unyevu; utitiri huvumilia ukavu, na katika udongo wa majangwa ndio hutawala. Linganisha idadi ya shimo la udongo uwandani na ile ya chini ya mkarafuu.

Hatua ya 8: Daftari na safari ya pili

Kwa kila sehemu andika kwa mpangilio huu, usiugeuze: jiwe limetoa povu au la, rangi ya rosela, kina cha udongo, dakika za maji, ndipo viumbe. Piga picha ukiweka sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane.

Masika yakishashika, rudi alfajiri, kabla jua halijapanda, kwenye mawe yale yale. Chukua picha za Februari na uziweke kando ya jiwe. Ukishalinganisha weusi, tafuta shina lile lenye konokono uliyemdondoshea maji. Kama ameondoka, utando wake mkavu mara nyingi hubaki umeganda kwenye gome. Ubandue kwa ncha ya kisu, uweke kwenye kikombe, ukamulie tone moja la ndimu, na uandike kama umetoa povu.